U ya Kifaransa

Kila kipindi Mwalimu Ditram alianza na Getrude, kabla hata ya kufuta ubao. Herufi ilikuwa hiyo hiyo, u.

"Midomo ya u, ulimi wa i," aliwaambia wanafunzi wake wa Mikumi, waliosomea kuongoza watalii. "Hiyo ni irabu. Ikifuatwa na irabu nyingine, kama kwenye *lui*, inakuwa konsonanti, inateleza. Haya, binti Malimi, tusikie."

"Lwi," akasema Getrude kwa w ya Kiswahili.

"Zizini huko!" Darasa likaangua kicheko.

Getrude aliijua chuki hiyo ilikotoka. Zamani, ng'ombe wa baba yake, Msukuma aliyehamia Rudewa, walimaliza mahindi ya akina Ditram. Kesi iliisha, kinyongo kikabaki.

Siku ya mazoezi hifadhini, Getrude alimwongoza mama mmoja wa Kifaransa, Ditram akimfuata nyuma na mdomo kaubetua. Mgeni alipoketi kwenye benchi ale, Getrude akaona nyoka wa kijani amejinyoosha kwenye tawi, juu ya kofia yake. Alitaka kusema *dessus*, juu, yenye ile u ya darasani. Kwa hofu ikamtoka *dessous*, chini, kwa u ya Kiswahili. Mama wa watu akatazama miguuni, akapiga yowe, akaparamia benchi, kichwa kikielekea kwenye tawi lile lile. Getrude akamkumbatia kiunoni, wakaanguka wote vumbini. Nyoka akapotelea majanini.

"Umetaka kumuua mgeni!" Ditram alifoka.

"Nimekosea, mwalimu. Lakini nimemshusha. Wewe ulikuwa umesimama tu."

"Nyie kazi yenu kuswaga ng'ombe. Mtihani hufanyi."

"Mahindi yenu yaliliwa mimi nikiwa mgongoni kwa mama. Niliwachunga mimi?"

"Ondoka mbele yangu!"

Hakufanya mtihani. Alirudi Rudewa, akawa anakamua maziwa huku kabana midomo, akiitafuta ile sauti mpaka mama yake akadhani anaumwa jino. Mwaka uliofuata akafanyia mtihani Morogoro, akafaulu.

Siku hizi Ditram naye huongoza watalii, na wote wawili wanapeleka wageni Mikumi. Wakikutana getini, Getrude huwaamkia askari wakubwa mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo. Akifika kwa Ditram humpita kama anavyopita nguzo ya umeme, na Ditram hutema mate pembeni.