Maelezo ya Zana ya Yowe

Mayige aliajiriwa kuandika sentensi chache kwa siku, na msomaji wake hakuwa mtu. Alikuwa msaidizi wa akili mnemba, programu ya simu ambayo wakulima wa Lalago waliiuliza bei ya pamba na dawa ya kupe. Msaidizi huyo alikuwa na zana zake: ya kutafuta bei, ya kumwita daktari wa mifugo, ya kupiga yowe. Ndani ya zana haoni kitu. Anasoma maelezo ya Mayige tu, kisha anaamua ashike ipi, kama mtu anayeposa kwa kusimuliwa: sifa zikikosewa, utajua mbele ya mchungaji.

Zana ya yowe ndiyo iliyomtoa jasho. Ikiguswa, simu zote za kijiji hulia kwa pamoja, kama yowe la mdomo wezi wanapoingia zizini. Na kwa Wasukuma yowe halina mjadala. Unatupa jembe, unachukua fimbo, unakimbia. Maswali mtaulizana njiani.

Mayige aliandika: "Tumia zana hii mtu anapohitaji msaada." Fupi, safi, akajipenda. Wiki hiyohiyo bibi mmoja akamwambia msaidizi, "Naomba msaada, namba za luku zinaingizwaje?" Nusu ya Lalago ikatoka shambani na fimbo kwenda kumwingizia bibi umeme.

Kesho yake akapiga simu Mzee Maduhu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Mwadila, baba," Mayige akaamkia.

"Mwadila, ng'wanone, mwanangu. Siku hizi fimbo zetu zinajaza luku?"

"Samahani, mzee. Narekebisha."

"Rekebisha. Mimi mwenyewe nimekimbia na kiatu kimoja. Watu wakicheka leo, siku ya wezi watacheka wamekaa. Ikifika Jumatatu hiyo mashine yako haijaelewa, tunaifuta kwenye simu zote. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Haya. Na huko Bariadi unakaa na nani?"

"Nakaa... nakaa tu."

Mzee akaguna, akakata.

Jumapili mchana Mayige alikuwa chumbani kwake Bariadi, mlango wazi, uwanja mtupu. Sylvester, rafiki yake, alishahamia Mwanza. Novatus alikuwa ameoa, na mtu akioa ni kama amehama. Mayige akaandika upya: "Tumia mtu anapokuwa na shida inayohitaji watu waje alipo. Usitumie kwa maswali ya namna ya kufanya jambo."

Kwenye orodha ya majaribio aliweka namba moja tu, yake mwenyewe, ili asiwasumbue watu wa Lalago. Akaandika, "Kuna watu wanavunja zizi." Simu ikalia hadi kuku wa jirani wakatawanyika. Akauliza habari ya luku. Simu kimya, msaidizi akamwelekeza taratibu. Akasema ndama haamki. Akaitiwa daktari wa mifugo. Mayige akajipigia makofi, maana hakukuwa na mwingine wa kumpigia.

Ikabaki sentensi ya katikati, isiyo wizi wala swali. Akafikiri, akakosa. Vidole vikaandika vyenyewe: "Niko peke yangu tangu Ijumaa. Sijaongea na mtu."

Simu ikalia. *Yowe! Mayige anahitaji watu. Njooni nyumbani kwake haraka.*

Akatazama mlangoni, mjinga yule. Aliyeitwa alikuwa mmoja, na alishafika.

Alicheka kwanza. Kisha akayasoma maelezo yake tena, akaona mashine haikukosea. Shida inayohitaji watu waje: ameandika mwenyewe. Akawaza itakuwaje akiyaacha hivyo. Kule Lalago kuna nyumba ngapi ambazo watoto wote wamekwenda mijini? Mara ya kwanza watu wangekimbia, wangekaa, wangekunywa uji. Mara ya pili wangekuja wamenuna. Mara ya tatu wangekuja wezi, na wanakijiji wasitoke.

Akakaa na sentensi hiyo muda mrefu kuliko zote. Mwishowe akaongeza: "Usitumie kwa mtu asiye hatarini, hata kama yuko peke yake na anatamani watu." Akaisoma kwa sauti. Ilisikika kama imeandikwa na mtu anayemfahamu.

Akayarudia maneno yale yale. Simu ikalala mezani. Msaidizi akajibu: "Pole sana. Sina zana ya jambo hilo."

Akayatuma maelezo kwa Specioza, bosi wake.

"We Mayige! Hiyo sentensi ya mwisho imekaa vizuri," Specioza akajibu. "Nani kakusaidia?"

"Peke yangu."

"Safi. Kesho tunaiwasha Lalago."

Kazi ikawa imekwisha, na Jumapili ilikuwa bado. Mayige akafunga mlango, akaenda kwenye kibanda cha chipsi cha Gloria, barabarani, ambako watu walikuwa wamejipanga. Zamu yake ilipofika akampisha mama mwenye mtoto. Ikafika tena, akampisha dereva wa bodaboda.

"Kaka," Gloria akamwambia, mwiko mkononi, "wewe unanunua au unalinda?"

Watu wakacheka. Mayige akacheka nao, akampisha na wa tatu.