Vijungu vya Nyigu

Mara tatu mfinyanzi alipeleka vyungu vyake kwenye ukumbi wa sanaa, na mara tatu mkuu wa maonyesho akavirudisha. Vizuri, alisema, ila havina uhai. Uhai! Vyungu vilivyompinda mgongo miaka ishirini! Lakini aliposikia kuwa nyigu wanajenga viota vyenye umbo la vijungu nyumbani kwa mfinyanzi kwa udongo wake wa rangi, mwekundu, mweusi, mweupe, yule bwana ndiyo kwanza akavaa miwani.

"Nitakuja Alhamisi," alisema. "Nikikuta vijungu sita kwenye kibao kimoja, nafasi ni yako."

Basi mama wa watu akawa mtumwa wa wadudu. Alisimamisha kibao uani, karibu na bomba lililokuwa likivuja, akaweka udongo wake chini ya matone. Nyigu wakaja, wakachota, wakafinyanga. Kufikia Jumanne vijungu vitano vilikuwa vimekamilika, kila kimoja na shingo yake na mistari yake. Cha sita kilifika nusu.

Jumatano asubuhi akakuta ua umekauka kau.

"Nimetengeneza bomba," alisema mumewe, kifua mbele. "Si umenisema mwaka mzima?"

"Mwaka mzima umeziba masikio, baba watoto, ukaona leo ndiyo siku?"

"Likivuja nina makosa, lisipovuja nina makosa. Sasa nifanyeje, nilie?"

Mfinyanzi akamwaga ndoo nzima ya maji. Wapi! Nyigu walishahamia kwenye mtaro wa jirani. Alikaa akiwasubiri kutwa nzima, asirudi hata mmoja.

Alhamisi alfajiri hakungoja tena mtu wala mdudu. Alichukua kijiti cha meno na tonge la udongo dogo kuliko punje ya mahindi, akabana pumzi, akakimalizia mwenyewe kile cha sita. Shingo ilianguka mara tatu. Ya nne ikasimama.

Mkuu akaja na kioo chake cha kukuzia. Vile vitano alivipitia akiguna. Kwenye cha sita akaganda.

"Lo! Tazama shingo hii. Huyu ndiye bingwa wao. Mkono wa binadamu hauwezi kitu hiki."

Mfinyanzi akafungua mdomo. Mumewe akamkanyaga mguu, anyamaze, mambo yameshakuwa mazuri. Lakini miaka ishirini ilikuwa imemjaa kifuani.

"Hiyo shingo nimeifinyanga mimi."

Mkuu akacheka mpaka mabega yakamtikisika.

"Mama bwana! Ungekuwa na mkono huo, tungekurudisha mara tatu?"

"Nakwambia ni mimi! Nipe udongo nikuonyeshe!"

"Usijali, hatutakusahau," alisema mkuu, akakikumbatia kibao kuelekea garini. "Tutaandika: kazi ya nyigu. Na chini yake jina lako, mwenye nyumba."