Kisogo cha Hilwa

Hilwa alimpa mwalimu kisogo, na darasa zima likaangua kicheko.

Masikini, hakukusudia ubaya. Huko Guangzhou, China, baba yake alikokuwa akisafirisha mizigo, alisomeshwa na Mzee Shen katika chuo kidogo cha kizamani. Kwa Mzee Shen, ukiitwa kusoma kwa moyo unaweka kitabu mezani pake, unamgeuzia mgongo, unayamwaga maneno bila kuchungulia. Kugeuka ndiyo adabu yenyewe. Ukikosea, rula inagonga meza nyuma yako, tak, unaanza upya.

Walihamia Dubai mzee akiwa mgonjwa, haraka haraka, bila kwenda kumuaga. Baadaye ikaja habari kwamba ameipa dunia kisogo. Lakini rula Hilwa aliendelea kuisikia: kwenye lifti ya jengo lao mtaani Karama, bafuni, na hasa akiulizwa kitu darasani. Akifungua mdomo tu, tak. Basi akawa haufungui, ila kwa yale aliyoyakariri.

"Hilwa mwanangu, khalas, basi sasa," mama yake alimwambia asubuhi ile. "Leo usiposema, Jumatatu wanakurudisha kwa watoto wadogo. Shule hii ya Kizungu inataka rai yako."

"Rai nitaitoa wapi, mama?"

Sasa, mbele ya darasa, alikuwa amekwisha kuikariri hadithi nzima, ya mtoto aliyehama bila kumuaga bibi yake, hata nukta hakuacha. Mwalimu, Miss Agneta, Mkenya asiye na papara, hakuridhika.

"Geuka unitazame. Maneno ya kitabu nimeyasikia. Wewe mwenyewe unamwonaje huyo mtoto?"

Hilwa akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, naye alijua fika nani amesimama pale na rula mkononi.

"Naona..." Tak. Akaanza upya. "Naona alikosea. Hata kama alikuwa mdogo, hata kama gari lilikuwa linangoja. Angekimbia akamshike mkono. Mimi ningekimbia."

Akafumba macho, akingoja kugongewa meza.

"Vizuri sana," alisema Miss Agneta. "Kaa."

Hakukaa. Alimpa tena mwalimu kisogo, na safari hii hakuna aliyecheka. Aliutazama ukuta, akatega sikio. Rula haikugonga. Ndipo akalia kwa sauti, maana mzee alikuwa ameondoka kweli, naye, kama Hilwa alivyoondoka Guangzhou, hakuaga.