Bandi Nyekundu ya Mwenyekiti

Utanikatalia, najua, lakini nilikuwepo na simu ilikuwa mkononi. Mtu mzima, mwenye duka la dawa lenye milango miwili, alisimama kwenye ngazi za jumba la zamani mbele ya watu ishirini na kitu, akaniomba kwa mdomo wake mwenyewe nimvue nguo. Wala hakujua kwamba ndicho anachoniomba. Usiruke kwenda huko chini, nianze na shangazi kwanza.

Shangazi yangu ni fundi wa nguo. Anashonea kwenye kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya makopo ya rangi na mabomba, na mwenye duka alishamwambia ahame mwisho wa mwezi kwa sababu anataka kupanga masinki pale. Miaka kumi na moja ya kushona, inapisha sinki. Shangazi hakulalamika. Alianza tu kukunja vitambaa vyake vizuri kuliko kawaida, na mimi namjua, akianza kukunja kunja ujue moyo umevurugika.

Sasa ndipo akatokea Mwenyekiti. Huyu mama mwenye duka la dawa ni mwenyekiti wa Kikundi cha Mavazi ya Kale. Ni watu wenye kazi zao na magari yao, wanashona nguo za miaka mia mbili iliyopita, wanazivaa, halafu wanatoka pamoja kwenda kula keki kwenye majani na kupigana picha. Wana sheria moja: kila uzi kwa mkono wako. Cherehani ni dhambi, kumpa fundi ni dhambi kubwa zaidi. Hiyo sheria wameidarizi kwenye mifuko yao ya kubebea vyakula. Kwa mashine.

Mwenyekiti alikuja kibarazani na miwani ya jua, anaangalia nyuma nyuma, kama mteja wake mwenyewe anayetafuta dawa asiyotaka jirani aione.

"Fundi," akasema, sauti ya chini, "nataka gauni. La kushonwa kwa mkono tupu. Na iwe siri yetu."

"Siri ya nini, mama? Gauni litaonekana."

"Gauni litaonekana. Wewe hutaonekana."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliuma. Kisha akaweka chambo. Matembezi ya safari hii ni kwenye lile jumba la zamani ambalo wageni hulipa kuingia. Mkuu wa jumba anatafuta fundi wa kudumu, wa kuyavisha yale masanamu vyumbani na kuwashonea waongoza wageni. Kuna chumba kabisa cha kazi, meza ndefu, madirisha mawili. "Siku hiyo nitakukutanisha naye," Mwenyekiti akasema. "Nitamwambia mkono wako naujua."

Shangazi akashona wiki tano. Mikono mipana kama mito ya kulalia, kola iliyosimama, sketi ya kufagia barabara. Jioni ananiuliza, "Hivi yale madirisha mawili, yanatazama wapi?" Mimi nitajuaje.

Hapa lazima uelewe kitu kimoja, la sivyo utamu wote utakupita. Fundi kabla ya kushona moja kwa moja anapiga bandi. Bandi ni mshono wa muda, wa hatua ndefu ndefu, wa kushikiza vipande tu ili nguo ijaribiwe mwilini. Ikikaa sawa, unashona mshono wenyewe, unachomoa bandi, unatupa. Shangazi bandi yake anapiga kwa uzi mwekundu ili aione vizuri, na mwisho hafungi fundo. Ukivuta ncha, inatoka yote mpaka mwisho. Mimi huwa namvutia, ni kama kumenya chungwa bila kukata ganda.

Alhamisi, siku mbili kabla ya matembezi, shangazi alikwenda kutafuta vifungo. Gauni lilikuwa juu ya sanamu ya nguo. Mikono na kola vilikuwa vimeshonwa, lakini sketi ilikuwa imeshikizwa kiunoni kwa bandi tupu. Mimi nimekaa na simu. Mwenyekiti akaja, akalizunguka gauni mara tatu.

"Limeisha?"

Mimi, macho yangu kwenye simu, nikasema, "Naona kama limeisha."

Akalichukua. Ndiyo, ni mimi. Nimeshakiri, tusonge mbele.

Shangazi aliporudi aliangalia sanamu tupu, akaniangalia mimi, akampigia Mwenyekiti simu. Nikasikia yote maana aliweka spika.

"Mama, lirudishe. Hiyo ni bandi."

"Inaitwa bandi? Huo uzi mwekundu? Fundi, huo ndio uliolipatia sura ya kale. Asiuguse mtu."

"Sikiliza, mama. Bandi ni ya..."

"Nimelipenda hivyo hivyo. Jumamosi uje, utanibebea mfuko." Akakata. Tukapiga tena, hakupokea. Nikamwandikia ujumbe nikamweleza kila kitu, bandi ni nini na kwa nini alirudishe. Akasoma. Akajibu kwa picha ya dole gumba.

Usiku haujaingia, dada mmoja wa kikundi, mteja wetu wa nguo za kawaida, akanirushia alichokiandika Mwenyekiti kwenye grupu lao. Picha ya kiuno kwa karibu, na maneno: *Mshono wa bandi, walioutumia mabibi wa heshima karne mbili zilizopita. Umenichukua miezi sita.* Chini yake watu wanashangaa, wanauliza unapigwaje, wanasema wameona tofauti kabisa. Shangazi aliposomewa alicheka mpaka akakaa. Kisha akaanza kukunja kitambaa. "Na kile chumba," akasema, "atakumbuka kunitaja?"

Jumamosi tukafika getini. Jamani. Daktari wa meno alikuja kama mpiganaji wa zamani, kifuani amefunga mifuniko miwili ya masufuria. Mwalimu wa jiografia alivaa nywele za bandia alizotengeneza kwa uzi wa fagio la kudekia, na jua lilivyopanda zikaanza kunuka kama sakafu ya hospitali. Na kila mmoja wao, nakuapia, kiunoni, mabegani, kwenye pindo, alikuwa ameongeza mishono mirefu ya uzi mwekundu. Bandi. Watu wazima wenye vyeti wamejipamba kwa kitu ambacho shangazi hufagia kila jioni.

Shangazi akaangalia huku, akaangalia kule. "Mwanangu," akaninong'oneza, "hawa wote hawajaisha."

Nikawasha laivu, nirushe moja kwa moja mtandaoni. Watu kumi na wanne wakaingia, nikaona hapa leo natoka kimaisha.

Mwenyekiti akashuka kwenye gari kwa msaada wa watu wawili. Lazima niseme ukweli, gauni lilimkaa. Lilimkaa kiasi kwamba nilimchukia vizuri zaidi. Akampa shangazi mfuko wa keki, akampa na mwavuli, akatangulia.

Kabla ya keki kulikuwa na mashindano ya vazi, na jaji ni daktari wa meno na mifuniko yake. Nafasi ya kwanza, Mwenyekiti. Ya pili, mwalimu wa jiografia. Ya tatu, daktari akanyoosha kidole mpaka kwa shangazi, ambaye alikuwa amevaa gauni lake la kazini, tepu ya kupimia shingoni, pini kifuani, mifuko ya watu mikononi.

"Vazi la mtumishi," akasema. "Angalieni uhalisia. Hata namna alivyochoka."

Wakapiga makofi. Wakampa mshumaa wa zawadi. Shangazi akaupokea kwa mikono miwili. "Asanteni," akasema. "Kesho nitalivaa tena."

Wakacheka wote. Sijui walielewa nini.

Mkuu wa jumba akatoka. Mama mfupi, miwani kwenye kamba, viatu vya mtu anayetembea sana. Akamsalimia kila mtu, akafika kwa Mwenyekiti, akasimama. Akainama kabisa, akalitazama gauni bila kuligusa. Nikaona shangazi ameweka mifuko chini, anajinyoosha mgongo. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yake.

"Hii mikono kashona nani?" mkuu akauliza.

"Mimi," akasema Mwenyekiti. "Miezi sita. Vidole viliota sugu."

Vile vidole vilikuwa na kucha ndefu hivi za kubandika, mtu hawezi hata kushika sindano, anaweza kushika glasi tu.

"Na huu uzi mwekundu?"

"Huo ni mshono wa bandi."

Mkuu akavaa miwani. "Bandi."

"Ndiyo, bandi. Wa zamani sana."

"Na unautoa lini?"

Mwenyekiti akacheka kidogo, ile ya kumfundisha mtu. "Hautolewi. Ndio pambo lenyewe."

Mkuu akasema, "Ahaa." Hiyo tu. Shangazi akasogea hatua moja, akakohoa. Mwenyekiti akageuka.

"Ah, huyu," akasema, "huyu ananisaidia mifuko. Mama, hebu katandike zile shuka za kukalia."

Nilimwangalia shangazi usoni. Angepaza sauti ningejua la kufanya. Hakupaza. Alikwenda akatandika zile shuka, akazikunjua moja moja, akavuta pembe zikanyooka. Alikunja na vitambaa vya kufutia mikono, ambavyo hakuna aliyemwambia avikunje. Wiki tano, na yale madirisha mawili, yote yalikuwa yanakunjwa pale.

Ikaja picha ya pamoja kwenye ngazi. Mwenyekiti juu katikati, wenzake wamejipanga huku na huku, mkuu wa jumba pembeni. Mimi nyuma yake natafuta pembe nzuri, watazamaji wameshafika thelathini. Labda ni mlango wa gari, labda ni kichaka, lakini ncha ya bandi ilikuwa imechomoka pale nyuma ya kiuno, uzi mwekundu unaning'inia urefu wa kalamu. Mpiga picha akasema kuna kitu kinaonekana. Mwenyekiti akapapasa nyuma, kucha zikateleza.

"Wewe binti wa simu. Hebu nitolee huo uzi, unaharibu picha."

Nikaushika. "Niusokomeze ndani?"

"Uvute."

"Mama, nikivuta..."

"Mbona mnapenda maneno? Vuta, utoke."

"Kweli nivute?"

"Nikuandikie?"

Nikamtafuta shangazi. Alikuwa amekaa mwisho wa shuka, mshumaa wake pembeni, anatuangalia. Anaijua ile ncha kuliko mimi. Nikainua uzi kidogo auone, nikauliza kwa nyusi. Shangazi akaniangalia, akauangalia uzi. Kisha akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la gauni lake. Polepole. Shangazi bila miwani haoni hata mlango, na huivua pale tu anapotaka kusema baadaye kwamba hakuona.

Nikavuta.

Ulitoka kama ulivyozoea kutoka, laini, trrr, kiuno kizima. Kwa sekunde moja sketi ilibaki inafikiria. Kisha ikashuka ngazi tatu peke yake. Juu ikabaki kola imesimama na mikono kama mito, na chini suruali ya mazoezi ya rangi ya machungwa, ile waliyogawiwa wenye maduka ya dawa kwenye kampeni, imeandikwa makalioni kwa herufi kubwa: MINYOO HAINA NAFASI.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Daktari wa meno alishika kiuno chake kwa mikono yote miwili, mifuniko ikagongana. Wengine nao wakaanza kushika shika nyuzi zao nyekundu, kila mtu hajui tena nini kimemshikilia.

Mkuu wa jumba akateremka, akauokota ule uzi, akaupitisha kati ya vidole. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, "Bandi hii kapiga nani?"

Sasa fikiria alipokuwa amesimama Mwenyekiti. Akisema ni mimi, basi kashona miezi sita asijue bandi ni nini, na kavaa nguo isiyoshonwa mbele ya kikundi chake. Akisema si mimi, sheria ya kikundi inamngoja kwenye mifuko ya keki. Akairekebisha kola yake. Kisha kikatoka kitu kidogo.

"Fundi wangu."

"Yupi?"

Akanyoosha kucha kule kwenye shuka. Shangazi akavaa miwani, akainuka, akajipangusa majani. Mkuu akamfuata yeye, siyo yeye kumfuata mkuu.

"Gauni hili umeshona wewe?"

"Mikono na kola nimeshona," shangazi akasema. "Sketi bado sijaishona. Niliibiwa kabla."

Halafu akachomoa sindano yenye uzi kwenye kola yake, akaiokota sketi, akapanda ngazi. "Simama wima, mama," akamwambia Mwenyekiti, "na usitikisike." Akamshona palepale mwilini, mshono wenyewe sasa, dakika chache tu, watu wote wanaangalia mkono unavyokwenda, na Mwenyekiti amesimama kama yale masanamu ya mle ndani. Alipofika mwisho akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

Mkuu akasema, "Jumatatu njoo uone chumba."

"Madirisha yanatazama wapi?" shangazi akauliza.

Basi ungedhani nyumbani mimi ni shujaa. Shangazi hakunisemesha siku tatu. Kazi ameipata, meza ndefu anayo, madirisha yanatazama bustani, lakini anasema mtu mzima huwezi kumwacha na minyoo makalioni mbele ya watu, na kwamba yeye miwani ilikuwa na vumbi tu, hakuniambia kitu. Na anataka nifute video. Haya. Alhamisi nilimpa Mwenyekiti gauni kwa ujinga, Jumamosi nikalivua nikiwa na akili zangu, yeye mwenyewe kasema vuta mara mbili, na bila ule uzi yule mama wa jumba asingemwona shangazi mpaka leo.

Video ninayo, sijaifuta, ila sijaipandisha tena. Wewe ungekuwa nyuma ya kile kiuno, ncha iko kati ya vidole na shangazi yako anafuta miwani, ungefanya nini?