Nusu Sauti Chini

Mwandishi wa nota alijisifu kwa jambo moja tu hapa duniani: miaka ishirini na mbili ya kuiandikia okestra, na hakuna mpigaji hata mmoja aliyewahi kumrudishia karatasi. Sasa leo, mbele ya watu sitini na wawili, karatasi zote zilikuwa kosa tupu, na mwandiko ni wake!

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mdogo wake, mwenye bendi ya roki ya watu wanne na spika kubwa kuliko kabati la nguo. Dada mtu alizoea kuuita muziki ule fujo. Halafu siku moja akausikia wimbo huu mpya, akanywea, akaenda mwenyewe kumbembeleza kiongozi wa okestra. Kiongozi alikubali shingo upande: dakika arobaini za mazoezi, na wimbo usipokaa sawa unatoka kwenye onyesho, basi.

Okestra ikaanza, gitaa la umeme la mdogo wake likaingia na, yarabi, kila kitu kikagombana na kila kitu. Mpiga filimbi alikunja uso kama mtu aliyeng'ata ndimu. Kiongozi akashusha fimbo yake.

"Nani amekosea hapa?"

Mwandishi alijua palepale. Mdogo wake hajui kusoma nota, kwa hiyo alimkalisha jikoni kwake na gitaa, akaandika kwa kutazama vidole vinabonyeza wapi. Vidole havikudanganya. Nyuzi ndizo zilizokuwa zimelegezwa, zote, nusu sauti chini, ile ngazi ndogo kabisa ya muziki, ili jamaa aweze kuzifikia sauti za juu za kiitikio. Bendi nzima ilikuwa ikifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, hata wakasahau kwamba wanafanya. Na yeye, na ujuaji wake wote, hakupima.

"Ni mimi," akasema. Sauti ilimtoka ndogo hata akajionea haya. "Nimeandika juu kuliko wanavyopiga. Nusu sauti, kila ukurasa."

Mdogo wake akadakia. "Usimlaumu dada yangu, mwalimu. Ngoja nikaze nyuzi." Akakaza, akaimba, na kwenye kiitikio sauti ikakwaruza, ikakatika. Akajaribu tena. Ilikuwa aibu kumtazama.

Kiongozi akaangalia saa. Zilibaki dakika kumi na nane, na kuandika upya kurasa zile ni kazi ya wiki mbili. Akaanza kufunga kitabu cha nota. Sifa za mwandishi na ziende zinakokwenda, lakini wimbo ule ulikuwa unakufa, na aliyeuua ni yeye.

"Mwalimu," akasema mama wa violini ya kwanza, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. "Kwa nini tusisome karatasi hizihizi, kila nota tukaipiga nusu sauti chini?"

"Kwa kichwa? Wote?"

"Kwani vichwa tumekuja navyo kuvalia kofia?"

Watu wakacheka, hata kiongozi. Akafungua kitabu. Mdogo mtu akalegeza nyuzi upesi upesi, na fimbo ikapanda.

Watu sitini na wawili wakatazama alichokosea, wakapiga alichokusudia. Zilianza besi, chini kabisa, mwandishi akazisikia kwenye nyayo zake. Gitaa likaingia likikoroma, na safari hii violini zikalipokea, zikalibeba, na tarumbeta zikafunguka juu yake. Nywele zilimsimama. Mungu wangu, akawaza, hivi haya yote yalikuwa ndani ya ile fujo siku zote? Akalia bila kujificha.

Mdogo wake hata hakuanza kuimba zamu yake ilipofika. Alisimama mbele ya maikrofoni mdomo wazi, kasahau kwamba anayesubiriwa ni yeye. Kiongozi hakusimamisha. Alizungusha mkono, okestra nzima ikarudi mwanzo wa ubeti, ndipo jamaa akaimba. Kwenye kiitikio sauti ilipanda mpaka juu ya wote, ikakaa hukohuko.

Wimbo ukaisha. Kisha wapiga violini wakaanza kugonga pinde zao kwenye stendi za karatasi za nota, tak, tak, tak, safu baada ya safu, mpaka chumba kizima kikawa kinagonga. Mdogo mtu akarudi nyuma, uso umemsawajika, akamsogelea dada yake.

"Dada, wamekasirika?"

"Mikono yao imejaa vyombo, mjinga wewe," akasema, machozi yakimtiririka. "Hayo ndiyo makofi yao. Inamisha kichwa, uwaambie asante."