Wimbi la Clemensi

Eva akimwita Clemensi, humwita Cle. Akimwita Obedi, humwita kaka, na neno hilo lilimchoma Obedi kama kaa la moto.

Wote watatu walitoka Karatu: Clemensi wa Qurus, Obedi wa Kansay, Eva wa mjini, nyuma ya soko, ambaye Obedi alimjua kabla ya Clemensi. Kazi ya hoteli iliwaleta pwani ya mashariki ya Unguja. Huko Clemensi, aliyekuwa akiendesha watalii Ngorongoro, alijifunza kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi mpaka wenyeji wakamkaribisha kwenye mwamba wa nje, ambako wageni wengi hawathubutu. Obedi alikuwa bado anahangaika na vijiwimbi vya ufukweni. Kila jioni Eva alitazama video za Clemensi kwenye simu, akitabasamu peke yake.

"Kesho nipeleke mwambani," Obedi alisema.

"Uko tayari?"

"Nilikuwa tayari wewe hujajua hata kuogelea."

Clemensi alicheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, na hilo nalo lilimuudhi Obedi.

Asubuhi, maji yalipojaa, Makame, mwenyeji wa kijiji, aliwapeleka kwa boti ya injini. Eva alikuja na simu yake. Makame alitia nanga pembeni, kwenye mkondo wa maji ya kina, na Clemensi akaonyesha kwa kidole pale palipochemka povu.

"Chini pale ni matumbawe, makali kama visu. Ukianguka, anguka ubapa, funika kichwa. Usipige mbizi. Ukirudi, zunguka huku kwenye mkondo, usimkatize mtu njia. Na aliye karibu zaidi na wimbi linapoanza kuvunjika, wimbi ni lake. Wewe unatulia."

"Hata kama nimefika kwanza?"

"Hata kama umelala hapo tangu jana."

"Huo unyang'anyi. Kwetu Kansay, bwawani, ng'ombe waliotangulia ndio wanaotangulia kunywa. Hata tajiri anasubiri."

"Ng'ombe hawendi kasi ile, bwana," Makame alisema, na Eva akaangua kicheko.

Majini Obedi alisubiri. Clemensi alisogea ndani zaidi, karibu na pale wimbi linapoanza kuvunjika, akapanda, akashuka, akazunguka kwa mkondo, akarudi, akapanda tena. Kila mara sauti ya Eva ilipasua upepo: "Cleee!" Hakuna aliyemwita Obedi. Alikuwa ametangulia kuingia majini, na bado hajaonja kitu.

Kisha maji yakanyanyuka kama ukingo wa kreta ya Ngorongoro unavyoonekana ukiwa chini. Clemensi alikuwa ndani zaidi, tayari ameanza kusimama.

"Langu!" alipaza sauti.

Obedi alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akapiga maji kwa mikono yote miwili, akasimama mbele yake.

Wimbi lilimbeba. Safari hii hakuanguka. Alishuka ukuta wa buluu, akapinda, akatokea kwenye mkondo akiwa bado wima, akainua mkono juu kuelekea kwenye boti.

Eva alikuwa ameteremsha simu. Macho yake yalitazama nyuma ya Obedi.

Ili asimgonge, Clemensi alikuwa amejirusha kutoka kwenye ubao, na wimbi likamsaga juu ya mwamba. Aliibuka mikono ikiwa kichwani. Makame na Obedi walipompandisha botini, mgongo ulikuwa unachuruzika damu.

"Huku kwetu, anayefanya hivyo haingii tena majini," Makame alisema.

"Nilitangulia," Obedi alijibu, lakini kwa sauti ndogo.

Eva aligeuka. "Ulitangulia wapi, Obedi? Hapa, au kwangu?"

Boti iliyumba.

"Mwacheni," Clemensi alisema mwishowe, akikunja uso kwa maumivu. "Obedi, rudi ukachukue wimbi lako la haki. Ukiondoka hapa hivi, mwamba huu utauogopa maisha yako yote."

"Nisamehe, Clemensi."

"Nenda. Maji yataanza kupwa sasa hivi. Makame, mruhusu."

Makame alitema mate baharini, kisha akaitikia kwa kichwa.

Eva alikuwa ameshaosha majeraha kwa maji safi, anatoa vipande vya matumbawe kwa kibanio kidogo. Mkono wake mwingine ulitulia begani kwa Clemensi, kana kwamba pale ni mahali pake siku zote. Obedi aliutazama mkono ule. Akikaa, atautazama zaidi. Akienda, atawaachia boti.

Aliruka majini.

Jamaa mmoja wa kijijini alikuwa amefika mwambani. Obedi alimsalimia kwanza, akakaa nje yake. Wimbi zuri likaja, refu, safi. Jamaa alikuwa ndani zaidi.

"Lako!" Obedi alimwambia, akaukalia ubao wake, akaliacha lipite chini yake.

Kutoka kwenye boti Clemensi alipiga yowe la maumivu, halafu Eva akacheka, polepole, kwa huruma. Sauti ilisafiri vizuri juu ya maji. Obedi alisaga meno, akakodolea macho upande wa bahari kuu, akisubiri zamu yake.