Mwenye Nyumba Asiyepiga Hodi

Mimi na mashine hatukuwa na urafiki. Lakini mwaka ule wa tisini na tisa, Yunus alipofungua duka la intaneti pale Mabatini, Mwanza, nilikwenda kwa sababu nilikuwa nimebanwa. Mama yangu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni. Madaktari wageni walikuwa wanakuja Bukoba kufanya upasuaji, na kiwanda cha samaki cha Nyakato kilinipa ruhusa ya kumpeleka na kurudi tu. Angebaki peke yake, macho yamefungwa bandeji, kwa watu asiowajua.

"Nikianguka nitamwita nani?" aliniuliza. Nikalibeba swali hilo mpaka dukani.

Yunus akaniambia kuwa watu waliolala kwenye nyumba za wageni huandika humo ndani ya mashine yaliyowakuta. Nikacheka. Nani akae aandike habari za kitanda cha Bukoba? Akabonyeza, mashine ikakoroma, tukasubiri weee, kisha maandishi yakaanza kushuka mstari kwa mstari, naye akawa ananitafsiria. Mjerumani. Dada wa Kijapani. Padri wa Kanada. Jamani! Watu wa mwisho wa dunia wanasimulia vyumba vilivyo ng'ambo ya ziwa letu hili hili!

"Huyo padri mwambie shikamoo," nikasema.

"Hakusikii, dada."

"Wewe mwambie tu!"

Nyumba ya kwanza ilisifiwa mpaka basi: tulivu, unashinda siku nzima huoni mtu, hakuna wa kukusumbua. Yunus akasema tuchukue hiyo hiyo, tufunge mjadala. Ya pili ilikuwa ya Bi Mwaija, na hao walioandika habari zake waligombana. Mmoja anasema chandarua kimetoboka, mwingine anasema kizima. Huyu kasifu samaki, yule kalalamikia chumvi. Nikamwambia Yunus arudie, polepole, kama anamsomea mtoto.

Aliporudia nikasikia kitu. Katika ugomvi wote ule, jambo moja walikubaliana: mwenye nyumba hapigi hodi. Mjerumani alikasirika kwamba anaingia tu na bakuli la uji. Yule dada alipougua malaria, Bi Mwaija alikaa kitandani kwake mchana kutwa akimpepea, akamnyima usingizi. Padri naye alichelewa kurudi, akamkuta mama huyo barabarani anamtafuta.

"Balaa," Yunus akasema. "Huyo mama hana adabu kabisa."

"We Yunus, nyamaza!" Machozi yalikuwa yananitoka. Kwetu anayeingia bila hodi ni mama, ni dada, ni shangazi. Wageni wale walikuwa wanalalamikia kile kile nilichokuwa natafuta.

Nikampeleka huko. Bi Mwaija alimpokea mama mlangoni, akamshika mkono, akanifukuza niwahi meli. Nilirudi Mwanza moyo uko juu juu, kazini nakata samaki huku nakata na vidole.

Siku ya mama kurudi nilisimama bandarini nikitafuta atakayekuwa amemshika mkono. Hakuwepo. Alishuka mwenyewe, akasimama, akayatazama maji, akayatazama majabali ya mjini kwetu moja baada ya jingine kama anayahesabu. Kisha akanitazama mimi.

"Umekonda," akasema. "Na hilo gauni nani alikuchagulia?"

Nilipiga vigelegele mpaka wachukuzi wakaacha mizigo.

Tulipitia kwa Yunus kabla hata ya kufika nyumbani. Nilitaka na sisi tuandike, na yeyote mwenye mzazi asiyeona asome. Yunus akaweka vidole tayari, akamuuliza mama aanze na nini, chakula au chandarua.

"Andika ni kweli, hapigi hodi," mama akasema. "Andika kwamba bandeji zikiwa bado machoni niliamka nimeogopa, nikamwita binti yangu kwa jina. Akaitika yeye Bi Mwaija: 'Abee, mama.'"